Kilabu cha Pombe ya Kienyeji: Kutoka Iwanza ya Unyamwezi hadi Machimbo ya Geita

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, uweze:
(a) kueleza maana ya kilabu cha pombe ya kienyeji na jinsi pombe hiyo inavyotengenezwa;
(b) kufafanua mabadiliko ya unywaji na uuzaji wa pombe kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni na baada ya uhuru;
(c) kutathmini faida na hasara za kilabu kwa kutumia ushahidi;
(d) kuandika insha yenye msimamo juu ya mada hii.

Utangulizi

Watalii wanaofika Dublin, mji mkuu wa Ireland, hupenda kutembelea baa za kale. Mojawapo, iitwayo The Brazen Head, hudai kwamba mahali pake pameuza vinywaji tangu mwaka 1198, ingawa jengo lililopo leo ni la miaka ya 1700. Waairishi huzihesabu baa hizo kuwa sehemu ya historia ya taifa lao.

Je, kwetu kuna kitu kinachofanana na hicho? Kipo, nacho ni kilabu cha pombe ya kienyeji. Tofauti kubwa ni kwamba kilabu hakiachi jengo. Nguzo zake huliwa na mchwa, nyasi huoza, na mwenyewe akihama hubeba mabati yake. Historia yake tunaipata kwenye sheria za serikali, maandishi ya wasafiri na kumbukumbu za wazee.

Katika kila kipindi utakachosoma hapa, jiulize maswali matatu:
1. Nani alipika pombe?
2. Nani alikunywa?
3. Nani alipata mali au fedha iliyotokana nayo?

Ukiyajibu maswali hayo kwa kila kipindi, utakuwa umepata hoja za insha nzima. Utaona pia kwamba jibu la swali la kwanza halibadiliki sana: mpishi ni mwanamke. Yanayobadilika ni majibu ya swali la pili na la tatu.

1. Maana ya dhana

*Pombe ya kienyeji* ni kinywaji chenye kilevi kinachotengenezwa kwa mazao ya mahali na kwa ujuzi uliorithiwa. Wasukuma huiita walwa. Sehemu nyingine za Tanzania zina pombe zake: mbege ya ndizi na ulezi Kilimanjaro, rubisi ya ndizi Kagera, ulanzi wa utomvu wa mianzi Iringa, wanzuki ya asali Tabora na tembo la mnazi Pwani.

*Kilabu* ni mahali panapouzwa na kunywewa pombe hiyo. Neno lenyewe limetoka Kiingereza na limeingia katika ngeli ya KI-VI: kilabu, vilabu.

Tofautisha pombe iliyochachushwa na pombe iliyokenekwa. Walwa, mbege na rubisi huchachushwa tu. Gongo, ambayo pia huitwa moshi, hukenekwa: pombe iliyochacha huchemshwa, mvuke wake ukapozwa na kukusanywa. Watahiniwa wengi huchanganya aina hizi mbili na hupoteza alama, kwa sababu sheria huzishughulikia kwa njia tofauti.

2. Jinsi pombe ya mtama inavyotengenezwa

(a) Mtama au uwele hulowekwa, kisha huachwa mpaka uote. Nafaka hiyo iliyoota huitwa kimea.
(b) Kimea huanikwa juani, hukauka na kusagwa.
(c) Uji wa unga hupikwa kwenye pipa au chungu kikubwa, halafu ukipoa huchanganywa na kimea.
(d) Mchanganyiko huachwa uchachuke, kisha huchujwa. Machicha hulishwa mifugo.

Kazi yote huchukua siku kadhaa. Hapa kumbuka Baiolojia na Kemia: vimeng'enya vilivyomo katika kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi na hewa ya ukaa. Mwanamke aliyepika pombe Usukuma miaka 200 iliyopita hakuwa na majina hayo, lakini alijua vizuri kwamba bila kimea uji hubaki kuwa uji.

Zingatia pia mahitaji ya kazi hii. Inahitaji nafaka, kuni, maji mengi na muda. Mpishi huweka mtaji wake mapema na hurudishiwa siku ya kuuza tu. Pombe ikichacha kupita kiasi, au mvua ikizuia wateja, hasara ni yake.

3. Kabla ya ukoloni: pombe bila kilabu cha biashara

Katika jamii za Wasukuma na Wanyamwezi, pombe ilifuata msimu wa mavuno. Nafaka ikiwa nyingi, pombe ilipikwa. Njaa ikiingia, ilikatazwa au iliachwa. Ilitumika katika mambo yafuatayo:

(a) *Kazi za pamoja.* Mwenye shamba aliwaalika majirani kulima au kuvuna, akawaandalia chakula na pombe. Ngoma ya majembe ya Wasukuma, bugobogobo, inatokana na desturi ya kulima kwa pamoja.
(b) *Ibada na sherehe.* Pombe ilitumika katika matambiko ya mababu, arusi na mapatano baada ya ugomvi.
(c) *Heshima kwa mtawala.* Ntemi alipelekewa sehemu ya pombe kama ishara ya utii.

Mahali pa kukutania palikuwepo. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika habari za iwanza. Hii ilikuwa nyumba ya kijiji ambamo wanaume walikaa mchana, wakazungumza, wakala, wakavuta tumbaku na kunywa pombe. Wanawake nao walikuwa na nyumba yao. Burton alikuwa mgeni na aliona mambo mengi kwa dharau, kwa hiyo maandishi yake yasomwe kwa uangalifu. Hata hivyo, yanatuonyesha kwamba watu wa bara walikuwa na mahali maalumu pa mazungumzo na kinywaji kabla ya serikali yoyote ya kikoloni.

*Majibu ya maswali matatu:* Mpishi alikuwa mwanamke. Wanywaji walikuwa ndugu, majirani na wazee, kwa utaratibu wa umri na heshima. Faida haikuwa fedha: mwenye pombe alipata nguvu kazi, heshima na ushirika.

4. Wakati wa ukoloni: pombe yageuka bidhaa

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo.

*Kwanza, kodi.* Wajerumani walitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897. Kila kaya ilihitaji fedha taslimu, na mwanamke asiye na ng'ombe wala ajira alikuwa na ujuzi mmoja wa kuuza kwa haraka, yaani kupika pombe.

*Pili, mshahara.* Vibarua wa mashamba makubwa, reli, bandari na migodi waliishi mbali na wake na mama zao. Walikuwa na fedha na kiu, lakini hawakuwa na mtu wa kuwapikia. Hapo ndipo mteja wa kilabu alipozaliwa.

Serikali za kikoloni ziliitazama pombe kwa macho mawili. Ziliogopa ulevi wa vibarua, na wakati huohuo zilitamani mapato. Angalia sheria hizi:

(a) *Mkataba wa Brussels wa 1890.* Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika. Msimamo huo uliendelezwa katika mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919.
(b) *Sheria ya Pombe za Wenyeji ya Tanganyika ya mwaka 1923.* Waingereza waliweka utaratibu wa vibali vya kupika na kuuza pombe katika maeneo yaliyotangazwa, hasa mijini.
(c) *Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926.* Wakati wa Gavana Donald Cameron, machifu walipewa uwezo wa kutoa amri za kudhibiti au kukataza upikaji na unywaji wa pombe. Huu ni mfano mzuri wa utawala usio wa moja kwa moja: amri ilitoka kwa ntemi, lakini nguvu yake ilitoka kwa gavana.

Katika miji mingine ya Afrika, manispaa zilikwenda mbali zaidi na kuifanya biashara hiyo kuwa yao peke yao. Mfumo huo ulianzia Durban, Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 1908. Manispaa ilipika na kuuza pombe, ikawakamata wanawake waliopika nyumbani, kisha ikatumia mapato kugharimia huduma za Waafrika na pia kuwasimamia. Nairobi iliiga mfumo huo miaka ya 1920 kwa kufungua kilabu cha manispaa Pumwani. Wanawake hawakukubali kirahisi. Mwezi Juni 1959, wanawake wa Cato Manor, Durban, walivamia kilabu cha manispaa na kuwafukuza wanaume waliokuwa wakinywa humo. Walidai kwamba serikali imechukua riziki yao.

*Majibu ya maswali matatu:* Mpishi alikuwa bado mwanamke, sasa kwa kibali au kwa kujificha. Mnywaji alikuwa kibarua asiye ndugu yake. Fedha iligawanywa kati ya mpishi na serikali, na mahali pengine serikali ilitaka kuichukua yote.

5. Kilabu na harakati za uhuru

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwahamasisha wanawake wa Dar es Salaam wajiunge na chama, aliwafuata katika vikundi vya ngoma na kwa wapika pombe. Kulikuwa na sababu zinazoeleweka. Wanawake hao walikuwa na fedha zao wenyewe, walifahamiana, walijua kupanga kazi, na walikuwa wamekwisha kuzoea kusumbuliwa na askari wa mkoloni. Mtu mwenye fedha yake huweza kununua kadi ya chama bila kuomba ruhusa.

Hoja hii ni muhimu katika mtihani. Watahiniwa wengi wanapoeleza mchango wa wanawake katika uhuru huandika kwamba "walihamasisha na kuchangia" bila kuonyesha uwezo wa kuchangia ulitoka wapi. Wewe onyesha.

6. Kilabu katika ukanda wa dhahabu

Dhahabu ya Geita iligunduliwa mwaka 1898, wakati wa Wajerumani. Mgodi mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1966 ulipofungwa. Upande wa Shinyanga, John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Migodi hii ililipa mishahara, na mshahara ulivuta wauzaji wa chakula na pombe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachimbaji wadogo waliongezeka sana katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa kisasa ulifunguliwa Geita, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa.

Ukiishi karibu na machimbo umekwisha kuona jinsi rashi inavyofanya kazi. Habari zikienea kwamba duara fulani limetema, watu humiminika. Baada ya wachimbaji hufika mamantilie, wauza maji na wapika pombe. Kilabu cha machimboni kina sura yake:

(a) Hakifuati msimu wa mavuno. Hufuata duara. Likitema, kinajaa, likikauka, kinahama.
(b) Wateja wake ni vijana wasiofahamiana, waliotoka mikoa mbalimbali. Nidhamu ya wazee iliyokuwepo katika iwanza haipo.
(c) Ni mahali pa kupata habari za kazi: nani anatafuta wachimbaji, wapi kuna karasha, bei ya dhahabu ikoje.
(d) Pombe ya kienyeji hushindana na bia ya kiwandani na pombe kali. Wenye fedha nyingi huenda baa. Walio na kidogo hubaki kilabuni.

Usisahau upande wa mpishi. Mwanamke asiye na duara hupata sehemu ya dhahabu bila kushuka shimoni. Fedha hiyo hununua sare, madaftari na chakula cha watoto. Inawezekana kabisa kwamba mwanafunzi unayekaa naye dawati moja anasomeshwa na pipa la pombe. Kwa hiyo unapojadili mada hii, andika kwa hoja na epuka lugha ya kejeli.

7. Baada ya uhuru: sheria na udhibiti

Serikali huru iliendelea kudhibiti pombe. Jifunze sheria hizi nne:

(a) *Sheria ya Moshi ya mwaka 1966*, inayohusu utengenezaji na ukenekaji wa gongo. Anayepika gongo nyumbani bila leseni hutenda kosa.
(b) *Sheria ya Vileo ya mwaka 1968*, inayoweka utaratibu wa leseni kwa vileo, ikiwemo pombe ya kienyeji.
(c) *Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009*, inayokataza kumuuzia mtoto pombe. Mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18.
(d) *Marufuku ya viroba*, iliyoanza tarehe 1 Machi 2017. Pombe kali za vifuko vidogo ziliondolewa sokoni kwa sababu zilikuwa rahisi kununuliwa na vijana, pamoja na uchafuzi wa mazingira.

Sababu ya kuwa mkali zaidi kwa pombe iliyokenekwa ni usalama. Pombe kali isiyopimwa inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya, makumi ya watu walikufa na wengine kupofuka baada ya kunywa pombe yenye sumu hiyo.

8. Tathmini: faida na hasara

*Faida*
- Kipato cha wanawake wasio na ardhi, mifugo wala ajira rasmi.
- Soko la mtama, uwele, ndizi na asali ya wakulima wa karibu.
- Mahali pa mazungumzo, habari na usuluhishi.
- Mapato ya serikali kupitia leseni na ushuru.

*Hasara*
- Fedha ya familia kunywewa kabla haijafika nyumbani.
- Ugomvi, ajali na ukatili dhidi ya wanawake na watoto.
- Maambukizi ya magonjwa ya zinaa na VVU pale ulevi unapoambatana na ngono isiyo salama.
- Kutumika kwa nafaka nyingi kipindi cha uhaba wa chakula.
- Vijana kuacha shule na kuzoea ulevi mapema.

Ona kwamba faida na hasara zinaweza kukaa ndani ya nyumba moja. Fedha anayopata mama mmoja kwa kuuza pombe inaweza kuwa ndiyo iliyokosekana kwa mama mwingine, ambaye mumewe ameinywa. Mtahiniwa anayeliona jambo hili na kulieleza huandika tathmini, na huyo hupata alama kuliko anayeorodhesha tu.

9. Jinsi ya kujibu swali la insha

*Swali:* "Kilabu cha pombe ya kienyeji kimeisaidia jamii zaidi ya kuidhuru." Jadili kauli hii kwa hoja sita.

*Hatua ya kwanza: chagua msimamo.* Neno "jadili" linakutaka uonyeshe pande zote mbili, kisha useme uko upande gani. Unaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti.

*Hatua ya pili: kila aya iwe na hoja, ushahidi na ufafanuzi.* Tazama mfano:

"Kwanza, kilabu kiliwapa wanawake uwezo wa kiuchumi. Baada ya Wajerumani kuanzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, kaya nyingi zilihitaji fedha taslimu, na upikaji wa pombe ulikuwa njia ya haraka ya kuipata. Kwa kuwa fedha hiyo ilikuwa mikononi mwao, wanawake waliweza kuitumia kwa malengo yao, ikiwemo kuunga mkono TANU miaka ya 1950. Hivyo, kilabu kilikuwa zaidi ya mahali pa starehe."

Sentensi ya kwanza ni hoja. Ya pili ni ushahidi wenye mwaka. Ya tatu na ya nne ni ufafanuzi unaorudi kwenye swali.

*Hatua ya tatu: hitimisho.* Usirudie hoja zote. Sema msimamo wako na sababu kuu moja.

*Makosa ya kuepuka*
- Kuandika mahubiri badala ya insha. Imani yako inaweza kukataza pombe, na hiyo ni haki yako, lakini mtahini anasahihisha hoja na ushahidi.
- Kusema Waafrika walifundishwa kunywa na wakoloni. Iwanza inakanusha.
- Kusema kabla ya ukoloni hapakuwa na ulevi kabisa. Desturi zilidhibiti ulevi, hazikuufuta.
- Kuchanganya walwa na gongo.
- Kutaja sheria bila mwaka, au mwaka bila sheria.

Muhtasari wa kukariri

Kabla ya ukoloni, pombe ilinunua nguvu kazi na heshima. Wakati wa ukoloni ilinunua kodi, na serikali ikataka sehemu yake. Machimboni inanunua madaftari kwa nyumba moja na kuyakosesha nyumba nyingine. Katika vipindi vyote, kazi ya kupika imekuwa hasa ya mwanamke.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti mbili kati ya pombe iliyochachushwa na iliyokenekwa.
2. Eleza kazi ya kimea katika utengenezaji wa pombe ya mtama.
3. Iwanza ilikuwa nini? Kwa nini maandishi ya Burton yanapaswa kusomwa kwa uangalifu?
4. Fafanua jinsi kodi na mshahara vilivyoigeuza pombe kuwa bidhaa.
5. Kwa nini wanawake wa Cato Manor walivamia kilabu cha manispaa mwaka 1959?
6. Linganisha iwanza na kilabu cha machimboni kwa kuzingatia wateja, msimu na nidhamu.
7. "Serikali ya kikoloni ilipiga vita ulevi kwa mkono mmoja na kukusanya fedha yake kwa mkono mwingine." Jadili.

Zoezi la nje ya darasa

Mtafute bibi au mama mtu mzima aliyewahi kupika pombe zamani. Msalimie, mweleze kwamba unajiandaa na mtihani, kisha muulize maswali matatu ya mada hii: nani alipika, nani alikunywa, nani alipata fedha. Andika majibu yake siku hiyohiyo pamoja na miaka anayoikumbuka. Usiende kilabuni kuyatafuta. Nyumbani kwake mchana panatosha.